Wa Juu na wa Chini: Habari za Maji ya Watu Wote, Kutoka Suji Hadi Salenda

Kata ya Suji, katika wilaya ya Same, imekaa juu mgongoni mwa milima ya Upare ya kusini, na mtu anayeiendea kutoka Makanya, penye stesheni ya reli na mashamba ya mkonge, hana budi kupanda njia yenye mizunguko mingi, akiiacha nyuma yake tambarare ya vumbi na migunga, mpaka afike penye migomba, baridi, na vijito vinavyosikika kabla ya kuonekana. Wenyeji wa nchi kama hiyo si watu wa kuogelea. Bahari wameijua kwa safari, na mto mkubwa ulio karibu nao, Pangani, ambao sehemu yake ya juu huitwa Ruvu, unapita mbali chini upande wa magharibi, nao tangu zamani ulikuwa makao ya mamba na viboko, mahali ambapo mwenye akili alichota maji yake kwa haraka akaondoka. Kwa hiyo mtu akikaa Suji akatangaza kwamba anataka kusimulia namna miji inavyojipatia ufuko wa kuogelea watu wote, yamkini atachekwa, na wanaomcheka watakuwa na hoja. Hata hivyo nathubutu kusimulia, kwa sababu katika habari zote nilizozipata za miji iliyofaulu au kushindwa katika jambo hilo, fumbo ni lile lile ambalo wazee waliochimba ndiva za milima hii walikwisha kulifumbua kwa kadiri yao ndogo.

Ndiva ni bwawa lililojengwa kwa udongo na mawe kwenye mteremko, chini ya chemchemi au kando ya kijito, ili lipokee usiku kucha maji ambayo mchana, yakiachwa yajiendee yenyewe, yangekuwa haba mno kufika shambani. Mfereji mwembamba huyaleta. Tundu chini ya ukuta huyatoa. Jioni tundu huzibwa, na alfajiri mwenye zamu hulizibua, na yale yaliyokusanyika gizani hutoka kwa kishindo, yakaingia mfereji wa chini, ambako mwenye shamba amekwisha simama na jembe lake, miguu tupu katika tope, akikata tuta moja na kuziba jingine, kwa kuwa anajua kwamba saa zake zimehesabiwa na kwamba jirani yake anamtazama. Hakuna ndiva iliyoumbwa na Mwenyezi Mungu pamoja na mlima. Kila moja ilichimbwa na watu, na ukoo uliochimba ndio uliokuwa na kauli juu yake. Na kila mwaka, mvua zilipokaribia au zilipokwisha, mbiu ilipigwa, watu wakaitwa msaragambo, wakaja na majembe kuzoa tope lililojaa na kuziba nyufa, na asiyekuja bila udhuru alitozwa faini.

Jambo kubwa la ndiva, kwa maoni yangu, liko katika mambo mawili ambayo mgeni aghalabu hayaoni, yaani zamu, na uhusiano wa mtu wa juu na mtu wa chini. Mtu wa juu ana uwezo wa kumdhulumu mwenzake bila kumgusa wala kumtukana. Akikawia tu kuzibua, au akilisha ng'ombe wake kijitoni, au akifua nguo mahali pasipofaa, aliye chini hupata hasara ambayo hawezi kuithibitisha. Kwa hiyo katika mabonde yashukayo kutoka Vudee na Chome kwenda Bangalala na Makanya, watu wamekuwa na mapatano, mengine ya kale na mengine ya juzi, ya nani apate maji siku gani na kwa muda gani, na kamati za kuyasimamia. Na mapatano hayo yamevunjwa mara nyingi, yakasutwa, yakafanywa upya. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare mwenyewe, ambaye kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, ameonyesha jinsi mamlaka katika milima hii yalivyoshikamana na koo na matambiko. Nami naongeza kwamba yalishikamana pia na tope la mfereji.

Na watoto je? Watoto waliogelea ndivani, hilo halina ubishi, nao walifukuzwa. Walifukuzwa kwa sababu maji yakivurugwa tope huziba tundu, ukuta ukikanyagwa hulegea, na maji yenye kina hayana huruma kwa asiyeyajua. Hapa tunaona kwamba kuogelea, hata katika bwawa la umma, ni haja inayoshindana na haja nyingine za umma, na kwamba mahali ambapo haikutengewa nafasi yake, hufanywa kwa kuiba.

Wa kwanza kutafuta maji ya kuzama mwili mzima katika nchi hii, kwa dhati na mbele za watu, walikuwa wamisionari. Wasabato, wakiongozwa na Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Tanga mwaka 1903, wakapanda Upare ya kusini, na Suji ikawa baadaye mojawapo ya vituo vyao vikubwa. Walutheri wa Leipzig walikuwa wamekwisha kushika Upare ya kaskazini. Tofauti ya madhehebu hayo mawili ilikuwa na upande wa maji: Mlutheri hutosheka na kiganja cha maji kichwani, lakini Msabato hubatiza kwa kuzamisha, na kwa ajili hiyo huhitaji ama lindi la kijito ama birika lililojengwa, lenye kina cha kumfika mtu kiunoni, na mahali pa kusimama watazamaji. Mtu mzima ambaye tangu kuzaliwa kwake hakupata kuzamisha kichwa chake majini alishikwa mkono, akashushwa, akaibuka akihema. Sidhani kwamba wale wachungaji walijua kuwa, pamoja na mambo ya imani, walikuwa wakiwafundisha watu wa mlimani kwamba maji ya kina yanaweza kuingiwa kwa hiari, mchana kweupe, waume kwa wake, na kutokwa salama.

Pwani mambo yalikuwa tofauti, ingawa si kwa namna watu wa bara wanavyodhani. Mswahili wa mwambao aliishi na bahari kwa kazi, si kwa anasa. Mtoto wa mvuvi alijua kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma, lakini mtu mwenye heshima zake hakwenda ufukoni kujitandaza. Kuoga kulikuwa jambo la tohara na stara. Ndiyo sababu mahali pa kwanza pa kuogea watu wote palipojengwa kwa fahari katika nchi zetu hapakuwa ufukoni bali ndani ya mji wa Unguja, pale Hamamni, ambapo Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimwajiri fundi Haji Gulamhussein ajenge bafu kwa mtindo wa Kiajemi, lenye vyumba vya maji ya moto na ya baridi. Sultani huyo huyo ndiye aliyevuta maji safi ya Chemchem kwa mabomba hadi mjini. Mambo hayo mawili yasitenganishwe. Lau asingalivuta maji kutoka juu, asingaliweza kuwaosha watu chini. Na bafu lenyewe, ambalo lilidumu kutumika mpaka yapata mwaka 1920, leo ni jengo la kutazamwa na wageni.

Twende sasa Dar es Salaam, maana huko ndiko habari hii inakoshika mwendo. Mji huo ulianzishwa na Sayyid Majid, nduguye Barghash, katika miaka ya 1860, ukaachwa ukalala baada ya kufa kwake mwaka 1870, ukaamshwa na Wajerumani walipohamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mji una bandari iliyofungwa vema kusini, una bahari wazi mashariki, na kaskazini una mto. Mto huo ni Msimbazi. Unatoka katika vilima vya Pugu, unapokea vijito vya Ubungo na Sinza na vinginevyo, unatanda katika bonde pana la Jangwani, kisha unaingia baharini kwa mlango wenye mikoko, karibu sana na mahali ambapo wenye mji walipenda kupunga hewa. Kwa Wajerumani, na kwa Waingereza waliowafuatia, bonde lile lilikuwa mbu na homa; hawakuliona kuwa ukingo wa mto bali kuwa mpaka.

Na mipaka waliipenda. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1914 iliugawa mji katika kanda tatu, na Waingereza, ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakutaka kuandika rangi ya mtu katika kanuni zao, waliandika aina ya nyumba badala yake, kwa natija ile ile: Uzunguni palikuwa Uzunguni, Uhindini Uhindini, na Mwafrika alikaa Kariakoo na baadaye Ilala, nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi katikati. Upepo wa bahari uligawiwa kwa mpango huo huo. Uzunguni ilipojaa, serikali ilitazama ng'ambo ya Msimbazi, kaskazini, ambako kulikuwa na pwani ndefu ya mawe na mchanga yenye hewa nzuri, na kizuizi kilikuwa ule mlango wa mto. Daraja likajengwa mwaka 1929, likapewa jina la John Einar Selander, mkuu wa kazi za ujenzi wa serikali, jina ambalo wakaazi walilifanya Salenda wakalizoea mpaka leo. Kwa daraja hilo Oysterbay ikawezekana: nyumba kubwa, bustani, barabara ya kandokando ya bahari, na ufuko.

Ufuko huo haukuhitaji ukuta. Mtumishi wa nyumbani aliuona kila siku akienda kazini, na kuli wa bandarini hakuuona kabisa, kwa kuwa hakuna lililompeleka upande ule. Naomba msomaji asilipite neno hili upesi. Tumezoea kudhani kwamba ufuko huwa wa umma kwa asili yake, na kwamba hunyang'anywa tu. Kumbe ufuko unaweza kuwa wazi pande zote, bila mlinzi wala bango, na bado usiwe wa watu wote, ikiwa njia ya kuufikia imepangwa kwa ajili ya wachache.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 haukutoa tangazo lolote juu ya ufuko wa Oysterbay, wala haukuhitaji. Watu walikuja tu. Walikuja Jumapili alasiri kwa miguu, kwa mabasi, hatimaye kwa daladala, na kidogo kidogo mahali pale pakapata jina la Coco Beach na desturi zake zenyewe. Mihogo hukaangwa katika karai kubwa juu ya moto wa mkaa mpaka iive nje rangi ya dhahabu na ndani ibaki nyeupe yenye kumung'unyika, ikapasuliwa, ikatiwa chumvi, pilipili na kachumbari, ikaliwa kwa mkono huku mlaji akitazama mawimbi. Vijana hukodisha mipira ya ndani ya matairi ya gari kwa wasiojua kuogelea, ambao ndio wengi. Maharusi huja na mapambo yao kupiga picha. Bahari yenyewe ina saa zake, maana katika bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yanapopwa huacha wazi miamba yenye ncha na mwani unaoteleza, na yanapojaa hufuta mchanga wote. Mwenyeji wa pwani hutazama mwezi kabla ya kufunga safari, lakini mgeni aliyetoka bara juzi huja na sikukuu, wala hajui kwamba mahali aliposimama saa nane hapatakuwapo saa kumi. Ndiyo sababu sikukuu za Idi na Krismasi zimekuwa na misiba yake, na polisi huonya kila mwaka. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wapo waliolifikia jambo hili kwa njia bora: mradi uitwao Panje umewafundisha kuogelea watoto wa kike, katika mavazi ya stara yaliyoshonwa kwa ajili hiyo, na wengi wao ni mabinti wa wavuvi ambao mama zao hawakupata kuthubutu.

Wakati huo, nyuma ya mgongo wa waogaji, mto uliendelea kuja.

Msimbazi haukuharibiwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Viwanda vilijengwa kandokando ya vijito vyake baada ya uhuru, kwa nia njema ya kuwapa watu kazi. Machinjio yakawa Vingunguti. Mabwawa ya maji taka yakawekwa bondeni. Na mji, ambao sehemu kubwa ya nyumba zake haikupata kuunganishwa na mabomba ya maji taka, ukawa unatumia mashimo ambayo mvua ikija hufurika. Bonde lenyewe likalimwa mchicha na wanawake na vijana waliokuwa wakinywesha kwa ndoo maji yale yale. Kisha kukaja suala la taka ngumu. Jiji lilikuwa likimwaga taka Tabata, katika eneo la watu, zikachomwa zikatoa moshi mchana na usiku, na mwaka 1988 wakaazi wakafungua shauri dhidi ya Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Waliposhinda, Jiji liliomba muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akiegemea ibara ya 14 ya Katiba inayompa kila mtu haki ya kuishi. Hukumu hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa sheria. Lakini taka hazikwenda mbali: zilipelekwa Vingunguti, jirani tu katika bonde lile lile, na Jiji lilipojaribu kuzipeleka Kunduchi Mtongani, karibu na pwani, mwananchi mmoja na wenzake 749 nao walikwenda mahakamani.

Wapare wanaijua njia nyingine ya kumkabili mkubwa asiyesikia. Mwaka 1945, serikali ilipowatoza kodi mpya iliyoitwa mbiru, walishuka kwa maelfu mpaka bomani Same, wakakaa hapo majuma kwa majuma. Wale wa Tabata hawakukaa. Walikwenda kwa wakili. Kila zama na silaha yake, na insafu inatutaka tukiri kwamba kila moja ilitoa matunda yake. Lakini zote mbili zina upungufu mmoja, nao ni kwamba humzuia mkosaji bila kumtengenezea mahali pa kukutana na aliyemkosea. Mtu wa Tabata alishinda, na mtu wa Vingunguti akarithi.

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza kunyesha, ikaendelea kwa siku mbili zaidi, na Msimbazi ukalidai bonde lake. Watu wapatao 40 walikufa. Maelfu wakabaki bila makao, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Baadaye mabasi ya mwendokasi yalipojengewa karakana Jangwani, mto ukaingia humo pia, si mara moja, ukayazamisha yakiwa yamesimama safu kwa safu. Naandika haya si kwa kuwakebehi waliopanga. Kila aliyepita Jangwani wakati wa kiangazi ameona uwanja mkavu, mpana, ulio katikati ya mji, na ni vigumu kumsadikisha mwenye fedha kwamba uwanja ule una mwenyewe.

Sheria, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kunena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari, isipokuwa kwa masharti. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni ya umma, yamewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa ajili ya wananchi. Kwa maandishi, basi, kila ukingo wa mto Tanzania ni ufuko wa watu wote wenye upana wa mita 60. Kwa vitendo, watu wamejenga hapo, wengine kwa umaskini na wengine kwa utajiri, na umaskini ndio uliobomolewa kwanza.

Coco Beach nayo ilipitia daawa yake. Sehemu ya ufuko iligombaniwa miaka mingi baina ya manispaa ya Kinondoni na kampuni binafsi iliyodai kuwa na haki ya kupaendeleza. Shauri likaenda mahakamani, magazeti yakaandika, wabunge wakasema, na wauza mihogo, ambao hakuna aliyewaita kutoa ushahidi, wakaendelea kukaanga. Mwisho wake ufuko ukabaki mikononi mwa umma, na manispaa ikaanza kujenga vibanda vya wafanyabiashara na kupatengeneza. Wengi waliona kwamba jambo limekwisha hapo. Mimi naona kwamba lilikwisha nusu, maana mzozo wote ule ulihusu ardhi, yaani nani ajenge na nani apite, na hapana aliyeuliza juu ya kitu ambacho watu huingia ndani yake. Mlango wa Msimbazi uko kusini tu ya ufuko ule. Na mbali kidogo zaidi, upande wa Ocean Road, bomba la maji taka ya mjini limekuwa likitema baharini tangu zamani.

Ulaya wamelijua hilo kwa gharama kubwa. Mjini Paris kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923. Meya Jacques Chirac aliahidi kwamba mto utasafishwa naye mwenyewe ataogelea. Chirac akawa rais, akastaafu, akafa, hakuogelea. Yaliyofanikiwa baadaye, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, yaligharimu yuro bilioni 1.4 hivi, na sehemu ndogo tu ya fedha hizo ilitumika ufukoni. Walikwenda juu: waliunganisha na mabomba nyumba za mikoa ya juu ambazo uchafu wake ulikuwa ukiingia mto Marne na Seine kimya kimya, wakazilazimisha mashua zinazokaliwa na watu zifanye vivyo hivyo, wakaboresha mitambo ya kusafishia. Kisha karibu na stesheni ya Austerlitz walichimba shimo kubwa mno chini ya ardhi, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo 50,000, ili mvua kubwa ikinyesha maji machafu yakae humo badala ya kufurika mtoni, na mvua ikiisha yaachiliwe polepole yakasafishwe. Mzee yeyote wa Upare angeshushwa ndani ya shimo hilo, hata bila kujua Kifaransa, angesema hii ni ndiva.

Meya Anne Hidalgo aliogelea Julai 2024, siku chache kabla ya michezo, na tarehe 5 Julai 2025 watu wa kawaida wakafunguliwa mahali patatu mtoni. Lililonivutia ni kwamba hawakufunguliwa moja kwa moja. Maji hupimwa kila siku. Kipimo cha Ulaya kwa maji baridi ya kuogelea kinakataa bakteria za kinyesi zipitazo 900 katika mililita 100. Bendera hupandishwa, ya kijani au nyekundu, na mvua kubwa ikinyesha watu huambiwa warudi nyumbani. Copenhagen, ambao ulifungua bafu lake la bandarini pale Islands Brygge mwaka 2002, ulitangulia katika njia hiyo hiyo. Watu wa miji hiyo wamekubali kwamba maji ya umma yana zamu, na kwamba siku nyingine zamu si yao.

Kwetu kuna sharti moja ambalo Paris haina. Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimgundua mjini Cairo mnyoo wa kichocho, na baadaye ikajulikana kwamba mnyoo huyo hulelewa na konokono wa maji baridi yaendayo taratibu, akatoka humo kumwingia mtu kwa ngozi. Kwa hiyo katika mto wa nchi ya joto, hata maji yaliyo safi machoni na yaliyopita kipimo cha bakteria hayajawa salama. Lazima konokono wadhibitiwe, majani ya ukingoni yafyekwe, na zaidi ya yote watu wasikojoe majini, maana mzunguko wa ugonjwa huo huanza kwa mtu na kurudi kwa mtu. Baharini ugonjwa huo haupo, na hiyo ni rehema moja ya Coco.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza. Mpango ni kuuchimba mto upate kina, kuinua daraja la Jangwani, kuwahamisha kwa fidia watu wanaokaa penye hatari, na kufanya bustani kubwa ya mji mahali ambapo palikuwa makazi na madimbwi. Mwaka huo huo daraja jipya refu la Tanzanite lilifunguliwa baharini, sambamba na la zamani la Salenda, na anayelipita kwa gari huona chini yake, maji yapwapo, mstari ulio dhahiri ambapo rangi ya mto inaachana na rangi ya bahari. Katika mpango wa bonde, kuogelea si shabaha. Shabaha ni mafuriko, na ndivyo inavyostahili kuwa kwa mji uliozika watu wake. Lakini bustani ikishapandwa nyasi na watoto wakishaletwa ukingoni siku ya joto la Februari, hakuna mlinzi atakayewazuia wasiingie majini, kama vile hakuna fimbo iliyowazuia wale wa ndivani; na swali la maji yale yana nini ndani yake litakuja lenyewe, liwe limepangwa au halikupangwa.

Sheria ya 2009 imekwisha kuweka mabodi ya mabonde na jumuiya za watumiaji maji. Msimbazi uko chini ya bonde la Wami na Ruvu (Ruvu nyingine, si ile ya Pangani), kama mito ya Suji ilivyo chini ya bonde la Pangani. Chombo, basi, kipo. Kinachotakiwa ni kwamba watu wa Pugu, wenye machinjio na viwanda, wakaazi wa Tabata na Vingunguti, walima mchicha wa bondeni, na wale wa mihogo kule Coco, wajihesabu kuwa watu wa mfereji mmoja, kitu ambacho hakijawapitikia, kwa kuwa wa juu hajapata kumwona wa chini akiumwa. Kazi ya kwanza haihitaji mkopo. Ni kupima maji kila juma chini ya daraja la Salenda na mbele ya vibanda vya Coco, na kuandika matokeo katika ubao wa mbao, kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe na bendera ya kijani au nyekundu, na nakala yake ibandikwe Vingunguti sokoni na Pugu stesheni. Ubao huo ungeweza kusimamishwa mwezi huu. Jumapili ya kwanza ya bendera nyekundu wauza mihogo wangekosa wateja, nao wangetaka kujua ni nani aliyeipandisha na ni nani aliyeisababisha, na hapo mkutano wa bonde zima ungepata watu wake wa kwanza kufika.